Nyutro Kwanza, Swichi Janja Baadaye

Ukipita Goba, Madale, Chanika au Kibaha, pembezoni mwa Dar es Salaam, utakuta nyumba zilizofika hatua ya wayaringi. Kuta za tofali zimechimbwa mifereji, mabomba ya plastiki yamelazwa ndani yake, na visanduku vya swichi viko wazi vikisubiri plasta. Siku hizo chache ndizo zinazoamua taa za nyumba zitatumikaje kwa miaka mingi ijayo, na mara nyingi mwenye nyumba hayupo saiti. Yuko kazini, akingoja kupigiwa simu kwamba waya umepungua. Fundi anavuta nyaya mbili hadi kwenye kila swichi, kama alivyofundishwa na kama alivyofanya katika nyumba zote zilizotangulia, na plasta inapigwa. Miaka michache baadaye mwenye nyumba ananunua swichi janja ya kufifisha mwanga, anaondoa ile ya zamani, na kugundua kwamba kifaa kipya kinataka waya wa tatu, yaani nyutro ya kurudisha umeme, ambao haumo ukutani.

Hoja yangu ni hii: anayejenga au kukarabati sasa avute nyutro hadi kwenye kila kisanduku cha swichi na achague visanduku vyenye kina, hata kama hana mpango wa kununua kifaa chochote janja mwaka huu wala mwaka ujao. Vifaa vitabadilika, programu za simu zitakuja na kupotea, bei zitapanda na kushuka. Ukuta uliokwisha kupigwa plasta na rangi haufunguliwi kirahisi.

Kwanza niseme kwa nini jambo hili linanigusa, maana wapo wanaodhani kufifisha mwanga ni anasa ya hoteli. Sisi tunaoishi karibu na ikweta tuna usiku wa takriban saa 12 mwaka mzima. Jua la Dar es Salaam linazama kati ya saa kumi na mbili na saa moja kasoro jioni, iwe Juni au Desemba, na tangu hapo hadi kulala familia inaishi chini ya taa. Taa zilizojaa madukani ni zile nyeupe za kelvini 6500, zinazotangazwa kuwa za mwanga wa mchana. Nazo zina hali mbili tu: zinawaka zote au zimezima. Mtoto anamaliza kazi za shule, mama anamnyonyesha mtoto mchanga, babu anasali, wageni wanaaga, na wote wako chini ya mwanga uleule mkali unaofaa kuchambulia mchele.

Waliolelewa na chemli walikuwa na kitu ambacho umeme ulituondolea bila sisi kukisikitikia. Ubavuni mwa taa ile kulikuwa na kigurudumu kidogo cha kupandisha na kushusha utambi. Wakati wa kula na kusoma utambi ulipandishwa. Watu wakienda kulala ulishushwa hadi ukabaki mwali mdogo wa kumwonyesha mtoto njia ya kwenda msalani, bila kuwaamsha wengine na bila kumaliza mafuta ya taa. Hakuna aliyeita hiyo anasa. Ilikuwa akili ya kawaida ya nyumba yenye watu wengi na vyumba vichache.

Sayansi nayo imeipa uzito akili hiyo. Ndani ya jicho, mbali na seli za kuonea, zipo seli nyingine zinazopima mwanga, hasa ule wa samawati, na kuuambia ubongo kama ni mchana au usiku. Mwaka 2022 kundi la watafiti wa mwanga na usingizi lilichapisha mapendekezo yao katika jarida la PLOS Biology. Walitumia kipimo cha lux kilichorekebishwa kufuata mwitikio wa seli hizo. Mchana jicho lipate angalau 250; katika muda wa saa 3 kabla ya kulala lisipate zaidi ya 10; na wakati wa kulala lisipate zaidi ya 1. Mwanga wa jioni unapaswa kuwa sehemu ndogo sana ya ule wa mchana, na chumba chenye taa kadhaa za kelvini 6500 zinazowaka kwa nguvu zote hakiwezi kufika huko. Wenye watoto wanaokataa kulala hadi saa tano usiku wangefanya vizuri kutazama darini kabla ya kumlaumu mtoto.

Sasa tuingie kwenye kifaa chenyewe, ambacho mafundi wetu hukiita dima. Zamani, katika majumba ya maonyesho ya Ulaya na Marekani, mwanga ulipunguzwa kwa kuuzuia umeme njiani kwa ukinzani mkubwa, na umeme uliozuiwa uligeuka joto bure. Dima ndogo ya kukaa ukutani ilitokana na kazi ya Joel Spira, mwanafizikia aliyekuwa akifanya majaribio katika nyumba yake ya New York mwaka 1959. Alitumia tayristo, kipande cha elektroniki kinachofungua na kufunga umeme kwa kasi kubwa. Mwaka 1961 yeye na mkewe Ruth walianzisha kampuni ya Lutron, ambayo bado ipo.

Wazo lake ndilo linalofanya kazi hadi leo. Umeme wetu wa hezi 50 huja kwa mawimbi, na kila sekunde ina nusu-mawimbi 100. Dima hukata sehemu ya kila nusu-wimbi na kuruhusu iliyobaki ipite. Ikikata kidogo, taa inang'aa. Ikikata sana, inafifia. Balbu ya zamani yenye uzi wa moto haikuhisi mikato hiyo, kwa sababu uzi uliowaka hauwezi kupoa katika sehemu moja ya mia ya sekunde. Umeme uliokatwa haugeuki joto, na kifaa kinaenea katika kisanduku kidogo.

Taa za LED ndizo zilizovuruga mambo. Ndani ya kila balbu ya LED kuna draiva, saketi ndogo inayogeuza umeme wa ukutani kuwa ule unaotakiwa na LED, na draiva hiyo inatarajia wimbi kamili. Dima za mtindo wa kwanza hukata mwanzo wa wimbi, halafu volti zinaruka ghafla kutoka sifuri hadi juu. Kapasita ya draiva inafyonza umeme kwa pupa, taa inavuma na kumemeta, na baada ya muda inaungua. Dima za mtindo wa pili huanza na sifuri pamoja na wimbi, kisha hukata mwisho wake. Mwanzo unakuwa laini na draiva nyingi za LED zinatulia. Kwenye maboksi mtindo huu huandikwa kwa Kiingereza "trailing edge", na kwa nyumba yenye LED ndio wa kuutafuta. Zipo dima zinazoweza mitindo yote miwili na kujichagulia zenyewe baada ya kuipima taa. Hizo ni bora zaidi, kama mfuko unaruhusu.

Kwa hiyo anayetaka dima aanze na balbu. Kama boksi la balbu halikuandikwa "dimmable", balbu hiyo haifai, hata muuzaji aape. Balbu nyingi za bei nafuu na karibu tyubu zote za LED zilizopo majumbani hazikutengenezwa kufifishwa. Taa ndogo za kuzama kwenye dari ya jipsamu, ambazo siku hizi kila sebule inazo, hutegemea draiva iliyofichwa juu ya dari, na draiva ndiyo inayoamua. Mikanda ya LED inayozungushwa kwenye kingo za jipsamu ni hivyohivyo: draiva yake ya volti 12 au 24 isipokuwa ya kufifishwa, hakuna swichi ya ukutani itakayoifanya itii.

Kuna jambo la mzigo pia, na hapa wengi hudanganywa na hesabu. Dima ya zamani iliyotengenezwa kwa balbu za moto huweza kudai angalau wati 40 au 60 ili ifanye kazi sawasawa. Sebule yenye taa 4 za wati 5 ina wati 20 tu, na matokeo yake ni taa zinazocheza. Upande wa juu nao una mtego. Dima iliyoandikwa wati 400 haimaanishi wati 400 za LED, na watengenezaji makini huandika kiwango cha LED pembeni, ambacho huwa kidogo zaidi. Anayenunua asome namba hiyo ya pili. Kama haipo, aiache dukani.

Nisisahau pangaboi. Nyumba za pwani zina regulata ya pangaboi ukutani, na inafanana kwa sura na dima ya taa. Usithubutu kubadilishana. Mota ya feni ikiunganishwa kwenye dima ya taa inanguruma, inapata moto, na inaweza kuungua pamoja na dima yenyewe.

Nirudi kwenye nyutro, maana ndiko uzito ulipo.

Swichi ya kawaida ni mkato katika waya wa laivu, basi. Laivu inaingia, ukibonyeza inatoka kwenda kwenye taa, na nyutro inapita juu ya dari moja kwa moja hadi kwenye taa bila kugusa ukuta. Ndiyo sababu kisanduku kina nyaya mbili, na kwa swichi ya kawaida zinatosha. Utaratibu huo tuliurithi kwa Waingereza pamoja na soketi za pini tatu za mraba, na ulikuwa wa busara wakati wake, kwa kuwa uliokoa shaba.

Swichi janja ina redio ndani yake, na redio inakula umeme saa 24, taa iwake au izime. Ili ipate umeme huo inahitaji laivu na nyutro. Isipopata nyutro, mtengenezaji analazimika kutumia ujanja: swichi inapitisha umeme kidogo ndani ya taa hata ikiwa imezimwa, na redio inaishi kwa umeme huo. Balbu ya moto haikujali, ilipitisha bila kuwaka. LED inajali. Kapasita yake inajikusanyia umeme huo kidogo kidogo, kisha taa inawaka kwa mng'ao hafifu usiku kucha, au inapiga mwanga kila baada ya sekunde kadhaa katika chumba ambacho umezima taa ili ulale. Watu hufikiri nyumba ina hitilafu ya ajabu. Nyumba ni nzima, inakosa waya mmoja tu.

Dima isiyo na nyutro ina kasoro ya pili: haiwezi kuiwasha taa kwa nguvu zote, kwa kuwa lazima ijibakizie kipande cha kila wimbi. Dawa ya kasoro ya kwanza ipo. Watengenezaji huuza kifaa kidogo kinachofungwa sambamba na taa juu ya dari, kikachukua umeme ule unaovuja ili taa isiuone. Kinafanya kazi, nami nawashauri wenye nyumba zilizokwisha kukamilika wakitumie. Lakini ni kifaa cha ziada, kimejificha juu ya jipsamu, na fundi wa miaka kumi ijayo hatajua kipo.

Linganisha na gharama ya kuzuia tatizo lote mapema. Chukua nyumba yenye visanduku 15 vya swichi, kila kimoja kikihitaji mita 4 au 5 za waya kutoka kwenye taa hadi ukutani. Hizo ni mita 60 hadi 75 za waya wa milimita 1.5 za mraba. Roli moja la mita 100 linabaki na akiba. Kazi ya fundi haiongezeki kwa kiasi cha maana, kwa sababu bomba limekwisha kulazwa na nyaya tatu huvutwa kwa mkono uleule unaovuta mbili. Sioni sababu ya nyumba mpya kunyimwa roli moja la waya ilhali mwenyewe analipia geti la chuma lenye nakshi.

Kina cha kisanduku kinastahili mjadala uleule. Visanduku vya mraba vinavyotumika kwetu vina mashimo ya skrubu yaliyoachana milimita 60.3, lakini kina chake kinatofautiana: vipo vya milimita 16, 25, 35 na 47. Fundi anayebana matumizi hununua vifupi, kwa kuwa swichi ya kawaida ni nyembamba. Dima ni nene, nyaya tatu zinahitaji pa kukunjika, na kifaa kinatoa joto ambalo lazima lipate pa kwenda. Joto la Dar es Salaam mwezi Februari halisaidii. Kwa dima mimi nataka milimita 47, na 35 ndiyo mwisho wa kuvumilia.

Kwa wenye nyumba zilizokamilika, tuna bahati moja. Nyaya zetu nyingi zimepita ndani ya mabomba. Kama bomba halikuzibwa na saruji wakati wa ujenzi, fundi anaweza kupitisha springi na kuvuta waya wa tatu bila kuvunja ukuta. Aulize na ajaribu kabla ya kununua kifaa cha kuzunguka tatizo.

Kuna njia mbili za mkato ambazo zinatumika, na zote ni za hatari. Ya kwanza ni kutumia ethi kama nyutro. Kifaa kitawaka kweli, lakini umeme utakuwa unapita kwenye waya ambao kazi yake ni kuokoa maisha, na siku waya huo ukikatika, mabati ya friji, ya jiko na ya mashine ya kufulia yaliyounganishwa nao yanaweza kushika umeme. Kama nyumba ina breka inayohisi uvujaji, itakuwa inakata kila mara, na mtu asiyejua ataiondoa breka hiyo badala ya kuondoa kosa. Ya pili ni kuazima nyutro ya soketi au ya chumba kingine. Hapo fundi wa kesho atazima breka ya taa akiamini yuko salama, kumbe nyutro anayoifungua inarudisha umeme wa saketi nyingine. Anayependekeza lolote kati ya haya mawili asiruhusiwe kugusa nyumba.

Jamaa walioko Marekani wanapenda kutuletea vifaa, na moyo wao ni mwema. Swichi za Marekani ni za volti 120, kwetu ni 230. Umbo lake ni la mstatili, na skrubu zake zimeachana milimita 83 hivi, kwa hiyo hazikai kwenye visanduku vyetu. Zile zinazowasiliana kwa Z-Wave zinatumia masafa ya redio tofauti na ya Ulaya, hivyo hazitaongea na kituo cha kuziongoza kilichonunuliwa Uingereza au Ujerumani. Waambieni watume kitu kingine.

Je, dima itapunguza bili? Nataka msomaji apate hesabu ya kweli. Chukua taa ya wati 9 uliyoififisha ikatumia wati 4, kwa saa 4 kila jioni. Umeokoa wati-saa 20 kwa siku, yaani 0.6 ya yuniti kwa mwezi. Kwa mteja wa kawaida wa LUKU anayelipa takriban shilingi 350 kwa yuniti, hiyo ni kama shilingi 210. Swichi janja yenyewe, ikila nusu wati saa 24, inatumia wati-saa 12 kwa siku na kumeza zaidi ya nusu ya ulichookoa; ikila wati nzima, umepata hasara. Dima inayotawala taa nyingi kwa pamoja inajitetea vizuri zaidi, lakini anayekuuzia kifaa hiki kwa hoja ya LUKU hajapiga hesabu. Sababu za kununua ni usingizi, macho, utulivu wa jioni na usalama wa mzee anayeamka usiku, nazo zinatosha.

Baada ya waya na balbu ndipo linakuja suala la ujanja wa swichi, na hapa nina msimamo mkali. Swichi ya ukutani lazima ifanye kazi kwa kidole, simu ikiwa imezima chaji, bando limeisha na ruta imekatika. Vifaa vingi vya bei nafuu hutuma amri yako hadi seva iliyo bara jingine, kisha amri inarudi kuwasha taa iliyo mita mbili kutoka ulipokaa. Seva hiyo ni mali ya mtu mwingine. Aprili 2022 kampuni ya Insteon ya Marekani ilizima seva zake bila kuwaaga wateja, na watu wakaamka na programu zisizojibu. Mwaka 2016 kituo cha Revolv, kilichokuwa kimenunuliwa na Nest ya Google, kilizimwa na kubaki boksi tupu. Belkin ilitangaza mwaka 2025 kwamba huduma za mtandaoni za vifaa vyake vingi vya Wemo zingekoma Januari 2026. Kampuni kubwa yenye jina nayo inachoka na bidhaa, wakati wewe ukuta wako bado uko palepale.

Kwa hiyo tafuta kifaa kinachoongea na wenzake ndani ya nyumba bila kupitia intaneti: cha redio ya Zigbee chenye kituo chake, au kinachofuata kanuni za Matter zilizotoka mwaka 2022, zinazoruhusu vifaa vya kampuni tofauti kuelewana hapohapo nyumbani. Ukichagua cha Wi-Fi, hakikisha kinaweza kuamriwa hata ruta isipokuwa na intaneti, na kumbuka kwamba vingi vinatumia masafa ya gigahezi 2.4, si yale ya 5.

Hali ya umeme wetu nayo inatudai maswali ambayo mnunuzi wa London hayaulizi. Umeme ukikatika saa mbili usiku na kurudi saa nane, swichi itafanya nini? Nyingine huwasha taa zote kwa nguvu kamili na kuamsha nyumba nzima. Kifaa kizuri kina mpangilio wa kubaki kimezima, au kurudi kilivyokuwa. Kinga ya kuruka kwa umeme kwenye ubao mkuu ni ya lazima, kwa sababu umeme unaporudi ndipo vifaa vya elektroniki hufa. Na wenye inveta za bei ya chini wajue kwamba wimbi lake lina ngazi-ngazi, halina mviringo. Dima inayotafuta mahali wimbi linapokata sifuri inachanganyikiwa, na taa zinacheza. Inveta yenye wimbi safi ndiyo inayopatana na dima.

Kuna wanaouliza kama si rahisi kununua balbu janja na kuiacha swichi. Katika nyumba ya mtu mmoja, huenda. Katika nyumba zetu kuna bibi, kuna watoto, kuna dada wa kazi, kuna mgeni aliyefika jana kutoka Tabora, na wote wanaijua swichi ya ukutani. Mmoja wao akiizima, balbu janja imekufa hadi mtu aiwashe tena ukutani. Bibi asilazimike kuomba simu ya mjukuu ili apunguze mwanga wa chumba chake mwenyewe. Heshima ya mkaazi iko kwenye kitufe anachokifikia na kukielewa. Kwa sababu hiyohiyo napendelea dima zenye kitufe cha kuzungusha au cha kubonyeza kinachosikika kidoleni kuliko vioo laini vya kupapasa, ambavyo mkono wenye maji au ulio gizani huvikosa.

Si kila chumba kinahitaji kifaa hiki. Sebule, vyumba vya kulala na korido ya kwenda msalani vinahitaji. Jikoni penye kisu na mafuta ya moto panahitaji mwanga kamili. Stoo na taa za ulinzi nje hazina haja yake. Taa ya ngazini inayowashwa chini na kuzimwa juu ina wayaringi yake, na dima mbili za kawaida haziwezi kugawana taa hiyo. Nunua dima inayouzwa pamoja na swichi mwenza wake.

Kufunga ni kazi ya fundi mwenye leseni, ya EWURA kwa Tanzania au EPRA kwa Kenya, na kumwomba aionyeshe si kumvunjia heshima. Azime kwenye breka, kisha athibitishe kwa mita kwamba hakuna umeme. Tesita ya bisibisi yenye kijitaa haitoshi kuthibitisha hilo. Apige picha ya nyaya kabla ya kulegeza skrubu. Asiamini rangi: nyumba za zamani zina nyekundu na nyeusi, mpya zina kahawia na buluu, nyingine zimechanganya, na waya mweusi ulioko kwenye swichi mara nyingi ni laivu inayorudi kutoka swichini kwenda kwenye taa. Akimaliza, aweke kiwango cha chini cha mwanga mahali ambapo taa zote zinawaka bila kumemeta, na aelewe kwamba jicho halihesabu kama mita: mwanga ukishushwa hadi robo, jicho linauona kama nusu. Halafu taa ziachwe ziwake muda wa kutosha, mtu aguse swichi asikie joto, na asikilize kama inavuma.

Ningependa vyuo vya VETA viwafundishe vijana wa umeme kuvuta nyutro hadi kwenye swichi kama jambo la kawaida, na wachora ramani za umeme waiandike kwenye michoro bila kusubiri kuombwa.

Mpangaji hana ukuta wake, na wapangaji wa mijini ni wengi. Yeye aanze na balbu za kelvini 2700, zenye mwanga wa manjano, sebuleni na chumbani, ambazo hazihitaji ruhusa ya mtu, na taa ya mezani yenye dima yake kwenye waya. Akitaka kubadilisha swichi azungumze na mwenye nyumba kwanza, akubaliane naye kuhusu fundi, na swichi iliyotolewa aitunze pamoja na skrubu zake hadi siku atakapohama.